Simu Iliyotaka Shikamoo

Mama Sauda anaapa kuwa aliona kwa macho yake mawili: simu ya mumewe ilikataa kufunguka mpaka mumewe alipovua kofia na kusimama wima.

"Kwanza ilimtazama," alisema, kaegemea uzio wa mabati unaotenganisha ua wake na ua wa kina Siwema. "Ikamtazama hivi, kama mwalimu mkuu anavyomtazama mtoto aliyechelewa namba. Halafu ikakohoa."

"Simu ikakohoa?" Siwema aliuliza.

"Ikakohoa, shoga yangu! Kikohozi cha mtu mwenye ofisi na zulia. Ikamwambia, 'Unazungumza na wakubwa umekaa?' Baba Sauda huyo, kainuka, kofia mkononi, magoti yanagongana. Ndipo ikafunguka. Na hapo alitaka kutazama saa tu."

Siwema alizaliwa jirani na Mama Sauda, akakua jirani na Mama Sauda, na alijua kwamba ukimpa mwanamke yule habari ya ukubwa wa punje asubuhi, jioni anakurudishia sufuria zima, limeungwa kwa nazi. Kwa hiyo aliipokea habari ile, akaipunguza kikohozi, akaipunguza kofia, akaipunguza magoti, akabaki na simu peke yake.

Wiki moja baadaye alilazimika kuvirudisha vyote, kimoja kimoja, na kuomba radhi moyoni. Hata magoti yalikuwa kweli.

*

Nchi yenyewe hatutaitaja jina. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wana ya kwao. Inatosha kusema ni nchi yenye amani, yenye wizara thelathini na tatu, na yenye barabara moja kubwa ambayo imeshazinduliwa mara nne na sasa inasubiri kujengwa.

Siwema alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kubandika vioo vya plastiki, pale kwenye lango la soko la ndizi. Masomo yake yaliishia darasa la saba, lakini kutazama hakukuishia hapo. Alikuwa mtu wa kukaa kimya kwenye stuli yake na kuangalia watu, na akiona jambo hakukimbilia kulisema. Aliliweka, kama mtu anavyokiweka kifungo alichokiokota, akijua ipo siku shati lake litapatikana.

Aliishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Kidawa, mwenye miaka themanini na moja na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwaka juzi Bibi alikuwa akichambua mchele na hakuna chuya iliyompita. Mwaka jana alichambua kwa vidole. Mwaka huu Siwema alisimama mlangoni mchana kweupe, Bibi akamgeukia akamwuliza, "Karibu, nani mwenzangu?" Siwema alijibu kwa mzaha, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Sasa, mara moja kwa mwaka walikuja madaktari wa macho katika hospitali ya mkoa, wakakaa siku tano, wakawatoa watu mtoto wa jicho, wakaondoka. Zamani, kuingia katika orodha yao ilikuwa ni kuamka mapema na kupanga foleni. Mwaka huu foleni ilifutwa kwa tangazo. Jina lilipaswa kuombwa kupitia simu mpya ya taifa, kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, kabla ya Alhamisi saa tisa na nusu alasiri.

*

Simu hiyo ya taifa ilizinduliwa na Mheshimiwa Dakta Mashamsham, Waziri wa Mawasiliano, Maadili na Mambo Mengineyo, katika uwanja wa mpira. Wananchi waliitwa saa mbili asubuhi. Mheshimiwa aliwasili saa nane mchana, na kwa kuwa saa ya simu mpya ilikuwa imetengenezwa kumsubiri mgeni rasmi, simu zote za maonyesho zilisoma saa mbili kamili alipokuwa akipanda jukwaani. Makofi.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumetumia mifumo ya simu ya watu wengine. Hebu tuambizane ukweli. Mfumo wa kigeni unaugusa kwa kidole, unafunguka. Hapo hapo! Haukuulizi wewe nani, umetumwa na nani, barua yako iko wapi. Je, huo ni ustaarabu?"

"Siyooo!" uwanja uliitikia, hasa upande uliopewa fulana.

"Mtoto anayekua na simu inayofunguka ovyo namna hiyo atakuja kuwa mtu wa aina gani? Kwa hiyo wataalamu wetu wamekaa vikao mia mbili na sita. Wametembelea nchi kumi na tisa, nyingine mara mbili kwa kuwa hawakuridhika na hali ya hewa. Wakarudi na jibu. Na jibu, ndugu zangu, lilikuwa hapa hapa nyumbani! Mfumo huu, unaoitwa Heshima, umetengenezwa kwa mfano wa ofisi ya umma. Ndani ya kila simu mna ofisi. Mna mapokezi. Mna masjala. Mna benchi. Mwananchi hana tena haja ya kusafiri kwenda kusubiri. Sasa atasubiri popote alipo!"

Bendi ya magereza ikapiga. Simu za zamani zilikusanywa kwenye magunia kwa ajili ya kuteketezwa, na mpaka leo zinaonekana mikononi mwa watoto wa wakubwa, zikiteketea taratibu.

*

Siwema alizipokea simu za Heshima mezani kwake, thelathini kwa siku, akazisoma kama wengine wanavyosoma magazeti.

Ukiiwasha, kioo kizima kilikuwa uso wa Mheshimiwa. Ili ufike kwenye namba za kupigia ulipaswa kuusogeza uso huo pembeni, lakini kulikuwa na waraka: atakayeusogeza kwa mkono wa kushoto atahesabiwa amemsukuma kiongozi. Nyuma ya uso, Mapokezi. Nyuma ya Mapokezi, Masjala, ambako simu ilikuuliza unampigia nani, kuhusu nini, na kama anakutarajia. Nyuma ya Masjala ndipo lilipokuwa benchi, benchi la mbao lililochorwa vizuri sana hata misumari ikaonekana, na juu yake vikatuni vya watu waliokutangulia, wakipiga miayo. Saa nne simu ilikwenda kunywa chai na kioo kikaonyesha kikombe kilichofunikwa kisosi. Saa tisa na nusu ilifunga ofisi.

Tochi ilikuwa chini ya Wizara ya Nishati, kwa hiyo ilikatika Jumanne na Ijumaa. Ukianza kuandika "hatuna", simu ilikumalizia yenyewe: "malalamiko". Kamera ndiyo iliyowashinda watu kabisa. Ukipiga picha shimo la barabarani, picha ilitoka na lami. Muuza mkaa mmoja alipiga picha paa lake lililoezuliwa na upepo, ili aombe msaada wa mabati. Picha ikatoka na ghorofa, na afisa wa kodi ya majengo akaja kumpongeza.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla uso wa Mheshimiwa haujasogea hata kidogo, simu ilitaka shikamoo.

Uitamke, tena kwa sauti. Simu ilisikiliza, ikakupima unyenyekevu, ikajibu kwa sauti nzito ya mwanamume aliyekula akashiba: "Marahaba. Unyenyekevu, asilimia hamsini na tano. Ongeza bidii." Ukipata chini ya hamsini haikufunguka. Basi soko la ndizi likapata kelele mpya. Wanaume wenye ndevu na wajukuu walisimama kando ya matenga, wameinamisha vichwa, wakiviamkia viganja vyao.

Na palitokea jambo dogo ambalo Siwema aliliona akaliweka. Dereva mmoja wa trekta alikuwa ameiacha simu yake mezani kwenye chaji. Akapita mzee Shaweji, muuza kahawa, na birika lake. Dereva akamwamkia, kama alivyolelewa: "Shikamoo, mzee." Kabla mzee Shaweji hajafumbua kinywa, simu mezani ikadakia, "Marahaba!" ikafunguka yenyewe.

Mzee Shaweji alitoa tusi la zamani sana, ambalo vijana wa siku hizi hawalijui hata maana.

*

Bibi Kidawa alipewa simu yake kama raia wote wenye kitambulisho. Aliifunika kwa bakuli la udongo ili isimtazame.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho Siwema alilifunua bakuli, akaisogeza simu mpaka magotini pa Bibi.

"Bibi, iamkie mara moja tu, tuombe. Alhamisi orodha inafungwa."

"Nimwamkie nani?"

"Simu, Bibi."

"Ina umri gani?"

"Miezi minne tangu itoke."

Bibi Kidawa alicheka mpaka akashika ubavu. "Mke mwenzangu," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita Siwema tangu akiwa mtoto wa kubebwa, kwa utani wa bibi na mjukuu, "mimi nimezika wajomba, nimezika mashangazi, nimezika na waume wawili. Dunia nzima hii amebaki mtu mmoja wa kumwamkia mimi, dada yangu Mwanakombo. Miezi minne! Hata jino halijaota! Yeye ndiye aniamkie."

"Hawezi, Bibi. Hajafundishwa."

"Mfundishe. Si wewe fundi?"

"Mimi nabandika vioo tu. Bibi, utakubali uwe kipofu kwa ajili ya neno moja?"

Bibi aliunyoosha mkono, akautafuta uso wa Siwema, akalipata shavu. "Macho yakienda, nitakuwa Kidawa asiyeona," alisema. "Watu wataniongoza njia. Nikikiamkia kidude hiki nitakuwa nani? Nani ataniongoza?"

Siwema hakubishana. Alikwenda nyuma ya jiko, akajikunja mgongo, akaitetemesha sauti mpaka akaona aibu mwenyewe: "Shi-ka-moo..."

"Hii ni sauti ya kijana anayejifanya mzee," simu ilisema. "Mzee halisi hana haraka hiyo. Umebakiwa na jaribio moja."

Akaifunika bakuli.

*

Ingekuwa miezi miwili kabla, mambo yangekwama hapo. Lakini kufikia wakati huo nchi ilikuwa tayari na ushindani.

Wananchi walinung'unika kwamba mfumo mmoja hautoshi, na Serikali ile ilikuwa sikivu. Mheshimiwa Dakta Mashamsham alizungumza redioni. "Mmedai ushindani," alisema. "Sisi hatuuogopi. Kwa hiyo Serikali imemteua mshindani, naye ameupokea uteuzi huo kwa moyo mkunjufu."

Mshindani alikuwa Bwana Tashtiti, shemeji wa Mheshimiwa, ambaye wakati wa uteuzi alikuwa akishughulika na kilimo cha matikiti. Mfumo wake uliitwa Ukarimu. Wa Heshima ulikuwa wa kijani, huu ulikuwa wa samawati. Wa Heshima ulitaka kuamkiwa, huu ulikusalimu wenyewe, kwa sauti laini ya kike: "Habari za asubuhi? Za nyumbani? Za watoto? Za kazi? Za jirani?" Na ukisema nzuri haukuridhika. "Nzuri kivipi?" uliuliza. Ulikuuliza hivyo mpaka ukasema.

Mama Sauda alihamia Ukarimu siku ya kwanza.

"Hii ndiyo simu yenye utu!" alimwambia Siwema. "Baba Sauda ananiuliza habari, nikisema nzuri anageukia ukutani. Tangu anioe, hajawahi hata siku moja kuniuliza 'nzuri kivipi'!"

Akawa anakaa nayo kizingitini mpaka mboga zinaungua. Jumatatu ya wiki ile aliisimulia habari za jirani. Jumanne akaja Afisa Kuku wa Wilaya na daftari, akiulizia kuku watatu wa Bibi Kidawa, mmoja mwekundu.

"Mimi?" Mama Sauda alishika kifua. "Mimi nilisema habari za jirani ni njema, ana kuku watatu. Siku hizi kumsifia mtu ni kosa?"

Nchi iligawanyika. Wa kijani waliwaita wa samawati wambeya, wa samawati wakawaita wa kijani watumwa. Kwenye harusi walikaa mikeka mbalimbali. Kuna mchumba aliyerudishiwa posa kwa kuwa alionekana na simu ya rangi nyingine. Magazeti yaliandika kwamba ushindani umekomaa. Siwema, na simu za rangi zote mbili mezani kwake, aliona tu kwamba ikifika saa nne zote zilikwenda kunywa chai, na kwamba kikombe kilikuwa kile kile, na kisosi kile kile, chenye pengo dogo upande wa kulia.

Hata hivyo Ukarimu ulikuwa na nafuu moja. Kwa mgonjwa wa macho haukudai sauti. Ulikubali picha ya jicho. Jumanne hiyo hiyo, Afisa Kuku alipokwisha kuondoka, Siwema alimwomba Mama Sauda simu, na Mama Sauda, ambaye alikuwa na deni la kuku moyoni, aliitoa bila maneno mengi. Bibi akakalishwa juani. Siwema akapiga picha jicho la kulia, lililofunikwa ukungu mweupe kama tui, kisha la kushoto, jeupe zaidi.

Picha zikatoka. Macho mawili meusi, maangavu, ya binti wa miaka kumi na minane.

"Hongera!" simu ilisema. "Macho ya mgonjwa ni mazima. Ombi limefungwa kwa furaha. Habari za jirani?"

"Inasemaje?" Bibi aliuliza.

"Inasema unaona."

"Iambie asante. Mchele wa leo itachambua yenyewe."

Mama Sauda aliichukua simu yake akaitazama ile picha kwa muda. "Lakini umetoka mzuri, Bi Kidawa," alisema. "Makunyanzi hayapo hata moja."

*

Jumatano Siwema alifunga kibanda, akaenda kwa Afisa Salamu wa Kata, Bwana Matimbwa, mtu mwenye meza kubwa na kalamu tatu mfukoni. Akamweleza: bibi ana miaka themanini na moja, simu ina miezi minne, naye hataki kuiamkia mtoto. Je, hakuna msamaha kwa wazee?

Bwana Matimbwa alitabasamu kwa huruma ya kikazi. "Binti, wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Ndiyo maana. Umri wa simu hauhesabiwi toka kiwandani. Simu inazungumza kwa niaba ya Baraza la Mawaziri. Baraza lina mawaziri thelathini na tatu. Ukijumlisha umri wao wote, kwa mujibu wa mwongozo huu hapa, ni miaka elfu moja mia tisa na kumi na minne." Akauweka mwongozo mezani kwa mikono miwili. "Bibi yako ana mingapi, umesema?"

"Themanini na moja."

"Basi ni mtoto. Aamkie."

Siwema alifikiri kidogo. "Na mama yake Mheshimiwa, mzee, naye huiamkia?"

Bwana Matimbwa aliutazama mlango, akautazama na dirisha. "Mama wa Mheshimiwa hana simu," alisema kwa sauti ndogo. "Hupelekewa barua."

Pale pale simu yake mwenyewe ikakohoa. Bwana Matimbwa aliruka kama aliyechomwa sindano, akageukia kabati, akavua miwani, akakunja goti. "Shikamoo."

"Asilimia arobaini na nane," simu ilisema. "Rudia."

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Arobaini na tisa."

Alikunja goti la pili mpaka likagusa sakafu. Aliporudi mezani kola ilikuwa imelowa. "Inategemea na hali ya hewa," alimweleza Siwema. "Siku za joto inakuwa kali kidogo."

Siwema alimshukuru akaondoka. Njiani alikuwa akihesabu. Mtu wa salamu, mwajiriwa wa salamu, na kwa hofu yake yote hajafika hamsini bila kupiga magoti yote mawili. Basi simu ile kumbe haipimi hofu. Inapima kitu kingine, ambacho wengi hawakuwa nacho cha kuipa. Na ikisikia sauti ya mwenye simu, haijui shikamoo ni ya nani; inadaka tu, kama ilivyodaka ile ya dereva wa trekta.

Shati la kifungo lilikuwa limepatikana.

*

Alhamisi baada ya chakula cha mchana alimwambia Bibi, "Twende tukamsalimu Bibi Mwanakombo."

"Leo Alhamisi?"

"Umemtaja juzi. Si vizuri kumtaja mtu halafu usimwone."

Bibi alifurahi, akavaa kanga mpya. Siwema akalifunua bakuli taratibu, akaiviringisha simu katika ncha ya kanga yake mwenyewe, akaifunga kiunoni. Wakaenda, mkono wa Bibi begani mwake, mitaa mitatu, polepole kwa sababu ya lami isiyokuwapo.

Bibi Mwanakombo, mwenye miaka themanini na tisa na masikio yaliyochoka, alikuwa amelala. Wakasubiri kando ya kitanda. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro robo. Siwema alimtazama mzee yule akikoroma kwa amani, akatamani kuangusha sufuria. Saa tisa na dakika kumi na tano Bibi Mwanakombo alifumbua jicho moja.

"Nani hao?"

Bibi Kidawa aliinuka mwenyewe. Alipapasa hewani mpaka akakipata kitanda, akapiga magoti, akautafuta mkono wa dada yake akaushika kwa mikono yake miwili, mkono uliombeba mgongoni, uliomsuka nywele, uliomfungia kanga ya kwanza. Siwema alisogea karibu sana, mpaka kiuno chake kikagusa bega la Bibi.

"Shikamoo, dada," Bibi alisema.

"Marahaba!" kiuno cha Siwema kikadakia.

"Nani huyo mwanamume?" Bibi Mwanakombo aliuliza, akijifunika vizuri.

"Unyenyekevu," simu ilisema, "asilimia mia moja." Ikasita. Ikakohoa, lakini kikohozi hiki hakikuwa na zulia. "Asilimia mia moja," ikarudia, kama mtu anayesoma kitu asichokiamini. "Kiwango hiki hakijawahi kupokelewa. Hakuna mapokezi. Hakuna masjala. Hakuna benchi. Karibu ndani. Taja ombi lako."

Bibi Kidawa alikuwa bado amepiga magoti. Aligeuza kichwa polepole kuelekea mahali alipojua Siwema amesimama.

"Siwema," alisema.

Tangu Siwema apate akili, Bibi hakuwahi kumwita kwa jina lake. Lilimwingia kama maji ya baridi.

"Umeichukua shikamoo ya dada yangu ukampa huyu?"

"Nimekosa, Bibi."

"Ulikuja nayo umeificha."

"Nimekosa. Ungekataa, na mimi nataka uone." Akainama karibu naye. "Juzi mlangoni uliniuliza mimi nani. Zimebaki dakika kumi, Bibi. Itukane baadaye, nitukane na mimi. Sasa taja ombi tu."

"Kidawa," Bibi Mwanakombo alilalamika kitandani, "umekuja mpaka huku na hujaniamkia."

"Nimekuamkia, dada. Imedakwa."

"Na nani?"

"Ndicho nitakachouliza."

Akanyoosha kiganja. Siwema akafungua ncha ya kanga, akaiweka simu. Bibi Kidawa aliileta karibu na uso wake, karibu kabisa, kama zamani alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Uso wa Mheshimiwa Dakta Mashamsham ulijaa kioo chote, na Bibi, kwa macho yale meupe kama tui, hakuona chochote ila mwanga.

"Unanisikia?"

"Taja ombi lako," simu ilisema, kwa adabu ambayo Siwema hakuwahi kuisikia katika simu zote zilizopita mezani kwake.

"Ombi langu fupi, mwanangu. Nataka nitolewe ukungu huu machoni. Nikishaona, nije huko ndani mnakokaa, kwenye hiyo ofisi yenu, nikutazame usoni wewe unayeitikia marahaba. Nijue una miaka mingapi na wewe ni mtoto wa nani. Nikikuta umenizidi, nitakuamkia tena, na magoti nitapiga. Nikikuta sivyo, utanirudishia shikamoo ya dada yangu, tena mbele za watu."

Simu ikakohoa mara moja. Kisha ikanyamaza.

Siwema alisogea akatazama kioo. Kikombe cha chai hakikutokea. Benchi halikutokea. Palikuwa na uso wa Mheshimiwa, mdomo umefumba, na juu ya paji lake saa, tisa na dakika ishirini na saba, ambayo kwa kadiri alivyoitazama haikusogea tena.

Bibi Mwanakombo aliuliza kama yule mwanamume ameshaondoka.

Bibi Kidawa alijiweka sawa sakafuni, akakunja miguu, akaitandika kanga yake mapajani na kuilaza simu katikati, kioo juu.

"Nimeomba," alisema. "Nasubiri."